"Tayari Uko Ndani"

Wasee, nikiwa bado kampasi (ndiyo, kabla niache), nilikuwa saiba hapa Rodi Kopany nikisajili masomo siku ya mwisho. Stima ikapotea. Iliporudi, potali ikanikatalia: tayari uko ndani. Nani? Mimi niko nje!

Hiyo ni sesheni yatima. Unix ilizaliwa 1969 kwenye maabara za Bell, za kampuni ya simu ya AT&T, na wengi waliifikia kwa laini ya simu. Laini ikikatika, modemu ilihisi, na Unix ikatuma ishara ya SIGHUP, yaani simu imekatwa. Kwa kawaida programu zako zinakufa papo hapo.

Kwa TCP, kimya si kifo. Windows ya saiba ikizimika ghafla haiagi. Ni kama konda anakushikia kiti na wewe ulishashukia Rongo. Linux, hata ikiwashiwa ukaguzi, kwa kawaida husubiri sekunde 7,200, saa 2 nzima, ndipo iulize kama upo. Halafu inauliza mara 9, kila baada ya sekunde 75.

Fundi anaweza kushusha hiyo 7,200 hadi 300. Mstari mmoja tu. Potali ilifungwa saa sita usiku, na mimi bado "niko ndani".