R na L katika Kiswahili cha Ufipa

Kuchanganya r na l ni kosa la matamshi linaloingia hadi kwenye tahajia. Husikika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na katika Sumbawanga na uwanda wa Ufipa lina sababu inayoeleweka. Wafipa, Wamambwe na Warungu wana lugha zao, ambazo mwanaisimu Malcolm Guthrie aliziweka katika kanda M ya lugha za Kibantu: Kifipa M13, Kirungu M14, Kimambwe M15. Wengi wao hukutana na Kiswahili baadaye, tena Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa Mombasa mwaka 1928.

Katika lugha nyingi za Kibantu, r na l hazitenganishi maana. Watu walewale wa kusini mwa Ziwa Tanganyika huandikwa Warungu nchini Tanzania, na Lungu nchini Zambia. Basi anayesema "balabala" si mzembe. Sikio lake lilizoea mapema kuzipokea sauti hizo kama moja. Zote mbili hutamkiwa kwenye ufizi. L ni kitambaza: ncha ya ulimi hugusa ufizi na hewa hupita pembeni. R ni kimadende: ncha hiyo hupigapiga ufizi.

Kiswahili, hata hivyo, huzitenganisha. Kura si kula, mahari si mahali, karamu si kalamu. Hapa sarufi humsaidia mwandishi kuliko watu wanavyodhani. Mahali huleta upatanisho wa pa-: mahali hapa, mahali pazuri. Mahari huleta mahari hii, mahari kubwa. Vivyo hivyo, kura yangu na kula kwangu. Anayeandika "kula yangu" amekwisha kujisahihisha bila kujua, maana kivumishi chenyewe kinadai kura. Kalamu na karamu hazina msaada huo, kwa kuwa zote zimo katika ngeli ya I-ZI. Hapo ni muktadha au kamusi. Maneno machache, kama lamba na ramba, yanakubalika kwa namna zote mbili.

Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, huzaliwa na karipio. Mtoto aliyechekwa kwa "habali" huanza kuogopa l, akaandika "kurala" badala ya kulala. Hofu hiyo humfuata kidato cha kwanza, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Huko "rice" ni mchele na "lice" ni chawa, "pray" ni kusali na "play" ni kucheza, na hakuna ngeli ya kumwokoa.

Walimu wa madarasa ya awali katika Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, anzeni na sikio. Tamkeni kura na kula, mtoto aseme amesikia lipi, kisha atamke mwenyewe, ndipo aandike. Na darasani asichekwe mtu.