Umbo la Herufi kama Kipengele cha Fani: Historia Fupi ya Herufi Zilizobanwa

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kujadili fani kwa kutaja muundo, mtindo na wahusika. Aghalabu umbo la herufi yenyewe husahauliwa. Makala haya yanadai kwamba umbo hilo lina historia, na kwamba historia hiyo humwathiri msomaji hata kabla hajalisoma neno. Mfano unaoteuliwa ni herufi nene zilizobanwa.

Asili ya herufi hizi ni bango la biashara la karne ya 19. Bango lilikusudiwa mpita njia, hivyo lilihitaji herufi kubwa. Herufi kubwa za madini zilikuwa nzito na ghali. Mwaka 1827, Darius Wells wa New York alianza kuchonga herufi za mbao kwa mashine. Mwaka 1834, William Leavenworth akaongeza pantografu, chombo kilichowezesha umbo moja kunakiliwa kwa vimo na mapana mbalimbali. Kikwazo kilichobaki kilikuwa upana wa karatasi. Herufi ikibanwa, huweza kurefushwa kwenda juu bila neno kukatwa. Ubanaji, basi, haukuwa pambo bali hesabu ya nafasi.

Mkabala huo ulifikia kilele katika Impact, aliyoibuni Geoffrey Lee na kutolewa mwaka 1965 na Stephenson Blake, kiwanda cha kusubu herufi cha Sheffield, Uingereza. Lee alikuwa mtu wa matangazo. Katika herufi zake, ndogo hukaribia kimo cha kubwa, mikia ni mifupi, na weupe wa ndani hubaki kama ufa. Maneno matatu hunguruma. Aya nzima huchosha macho.

Hata hivyo, sauti hiyo haikudumu ilivyokusudiwa. Mwaka 1996 Microsoft iliijumuisha Impact miongoni mwa herufi ilizozitoa bure, na katika miaka ya 2000 ikawa herufi ya picha za mzaha mtandaoni. Ukelele wa mwuzaji uligeuka kejeli. Yaani maana ya umbo hutegemea pia matumizi na jamii.

Kwa mintarafu ya Kiswahili, suala hili lina uzito wa pekee. Neno “hawatatusikiliza” lina herufi 16, na ndani yake mna ukanushi, nafsi, wakati na mtendwa. Kulikata katika mistari miwili ni kutenganisha viambishi; kulipunguza ni kudhoofisha sauti; kulibana ni kulipazia sauti. Mofolojia ya lugha humsukuma mchapaji kuelekea herufi iliyobanwa.

Hivyo basi, mhakiki anayechambua jalada la riwaya au bango la maandamano hana budi kuuliza: ukali unaoonekana ni wa mtunzi, au ni wa upana wa karatasi? Asipouliza, yamkini atamhukumu mwandishi kwa sauti iliyopazwa na mchapaji.