Kabla Hujasugua Lenzi ya Babu, Soma Hii

Wasee, nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana nilirithi kamera mbili za marehemu babu. Zilikuwa zimekaa kabatini kwake Mombasa miaka mingi, ndani ya mikoba ya ngozi. Moja ni ya Ujerumani, ya miaka ya 1950. Nilipotazama lenzi yake kwa pembeni nikaona rangi ya zambarau, kama petroli iliyomwagika kwa maji. Nikajiambia huu ni uchafu. Nikafungua lenzi, nikachukua pamba na dawa ya meno, nikasugua vioo hadi ndani, mpaka zambarau ikaisha. Filamu ilipooshwa, kila picha niliyopiga nikielekea dirishani ilikuwa imepauka, kama imemwagiwa maziwa.

Fundi niliyempelekea alitazama tu akasema, "Kijana, hukutoa uchafu. Umetoa utando."

Utando gani tena? Nikaenda kusoma. Aki, niliumia.

Kioo kitupu hakipitishi mwanga wote. Kila uso wa kioo hurudisha kama asilimia 4. Lenzi yenye vioo vitatu vilivyoachana ina nyuso sita, kwa hivyo zaidi ya asilimia 20 ya mwanga inapotea njiani. Sehemu ya huo mwanga hurukaruka ndani ya lenzi na kupausha picha.

Miaka ya 1890, huko York, Uingereza, Harold Dennis Taylor alikuwa akibuni lenzi. Akagundua jambo la ajabu: lenzi kuukuu ambazo kioo chake kilishafifia na kushika madoa zilipitisha mwanga mwingi kuliko mpya! Yaani kile ambacho wenzake walikiona ni uzee, kilikuwa kinasaidia. Akajaribu kuzeesha vioo makusudi kwa kemikali, lakini matokeo hayakuwa ya kutegemewa.

Jibu la uhakika lilikuja mwaka wa 1935. Alexander Smakula, mzaliwa wa Ukraine aliyefanya kazi Zeiss mjini Jena, aliweka kioo ndani ya chemba isiyo na hewa na kukipaka utando wa madini, mwembamba kuliko unywele mara mamia. Miale inayorudi kutoka juu ya utando hukutana na ile inayorudi kutoka chini yake, ikafutana. Wajerumani waliuona ugunduzi huo kuwa wa maana hadi wakaufanya siri ya jeshi.

Sasa piga hesabu. Kutoka doa la Taylor hadi utando wa Smakula ni kama miaka 40. Mimi niliuondoa kwa dakika kumi na dawa ya meno.

Ndio maana kamera ya pili sikuigusa haraka. Hiyo ina lenzi ya Kijapani, Super-Takumar ya milimita 50, na kioo chake kimekuwa cha manjano kama chai ya rangi. Kumbe si uchafu pia. Zamani watengenezaji wengine walichanganya thoriamu kwenye kioo ili lenzi iwe kali zaidi. Thoriamu ina mnururisho kidogo, na huo ndio hugeuza kioo rangi polepole. Hapo hata ukisugua hadi kesho hutoki na kitu, kwa sababu rangi iko ndani ya kioo chenyewe. Dawa yake ni jua. Nimeiweka dirishani wiki kadhaa, mbali na kitu kinachoweza kushika moto, na manjano inapungua.

Lakini tusidanganyane, si kila alama ni ya kuheshimiwa. Pembeni mwa lenzi hiyo hiyo kulikuwa na nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Inapenda giza na unyevu, na kabati la Mombasa lenye mkoba wa ngozi ni kama hoteli kwake. Ukiiacha, asidi yake inakula kioo, na hapo hakuna fundi wa kukuokoa. Hiyo nilimwachia fundi aifungue na kuisafisha mapema. Siku hizi lenzi inakaa kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya.

Maoni yangu ni haya: sisi vijana tuna haraka ya kung'arisha vitu vya wazee kabla hatujauliza ni vitu gani. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma, tazama polepole. Zambarau laini inayometa, iache. Manjano, ipeleke juani. Nyuzi, mpelekee fundi leo.

Ile ya Ujerumani bado naitumia. Kila picha ikitoka imepauka, najua aliyeiharibu si babu.