Moto Melini ni Kazi ya Nani?

Katika manowari kubwa ya Marekani ya kubeba ndege huishi watu wapatao 5,000, na kila mmoja wao, awe mpishi, karani au kinyozi, amefundishwa kuzima moto. King'ora cha mazoezi humkatiza mtu usingizi au chakula, naye anajua akimbilie wapi na ashike nini. Wengi huona hiyo ni nidhamu ya kijeshi kama nyingine. Mimi naona ni zaidi ya hapo. Mafuta ya ndege, mabomu na vitanda vya watu vimerundikwa pamoja ndani ya chuma kimoja, kwa hiyo mpangilio wa siku katika meli hizi umetokana na swali la nani ana wajibu wa kuzima moto. Swali hilo lilijibiwa kwa vifo, likasahauliwa, kisha likajibiwa tena kwa vifo vingine.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajapani walikabidhi kazi hiyo vikosi maalumu. Tarehe 4 Juni 1942, katika mapigano ya Midway baharini Pasifiki, bomu moja tu lililoipiga sawasawa Akagi, manowari yao ya kubeba ndege, lilitosha kuimaliza, kwa sababu ndege zilizojazwa mafuta na silaha zilikuwa zimejaa ndani yake. Juni 1944 manowari yao nyingine ya aina hiyo, Taiho, ilipigwa torpedo moja. Mvuke wa petroli ulipoanza kukusanyika, mitambo ya hewa ilifunguliwa ili kuutoa. Badala yake ukaenea meli nzima, na saa chache baadaye ikalipuka. Wamarekani nao walikuwa wameipoteza manowari yao Lexington kwa mvuke kama huo Mei 1942, ila wao walijifunza haraka. Mwezi mmoja tu baadaye manowari yao Yorktown iliingia vitani Midway mabomba yake ya petroli yakiwa yamejazwa gesi ya kaboni dioksidi. Shule za kuzima moto zikafunguliwa nchi kavu. Machi 1945 manowari ya Marekani Franklin iliungua vibaya karibu na pwani ya Japani, watu zaidi ya 700 wakafa, lakini meli ikarudi nyumbani.

Kuna atakayesema kwamba hapo aliyefundisha ni adui, na kwamba Marekani ilishinda kwa utajiri wake. Utajiri ulisaidia, sikatai. Lakini tarehe 29 Julai 1967, wakati wa Vita vya Vietnam, katika Ghuba ya Tonkin, hakuna adui aliyeigusa Forrestal, manowari ya Marekani ya kubeba ndege. Hitilafu ya umeme ilifyatua roketi sitahani, ikapasua tangi la ndege iliyokuwa ikisubiri kuruka. Miongoni mwa mabomu yaliyokuwepo yalikuwemo ya zamani, yasiyostahimili joto, na la kwanza lililipuka baada ya kama dakika moja na nusu, likawaua karibu wote waliofunzwa vyema kuzima moto. Waliobaki walishika mipira kwa ushujaa usio na mfano, lakini bila ujuzi: maji ya hawa yakaliosha povu lililomwagwa na wale, na mafuta yanayowaka yakapenya matundu ya sitaha hadi walikolala mabaharia wa zamu ya usiku. Walikufa watu 134. Meli ya taifa tajiri kuliko yote ilikuwa imerudia, bila kukusudia, mpango wa Wajapani.

Pingamizi zito zaidi ni la uchovu: baharia aliyefanya kazi saa 12 anaongezewa mazoezi, ilhali mtaalamu mmoja ni bora kuliko wanagenzi kumi. Nchi kavu, naam. Baharini mtaalamu ndiye anayefika kwanza, hivyo ndiye anayekufa kwanza, na hakuna mji wa jirani wa kuomba msaada. Hata bandarini hesabu ni ileile. Julai 2020 Bonhomme Richard, meli ya Marekani ya kubeba helikopta na wanajeshi, iliungua kwa siku kadhaa San Diego ikiwa matengenezoni. Uchunguzi ulibaini kwamba mazoezi yalikuwa yamelegea, na kitufe cha kumwaga povu hakikubonyezwa kabisa. Hakuna aliyekufa, lakini meli haikutengenezwa tena. Iliuzwa chuma chakavu.