Jinsi ya kupima uhai wa gari kuukuu la dizeli

MKAZI wa Kalimoni anayetafuta pikapu ya kubebea mawe ya Ndarugo, maziwa au malisho ya ng'ombe, aghalabu huishia kuonyeshwa Toyota Hilux ya dizeli iliyokwisha kwenda kilomita 300,000 au zaidi. Fedha za kuinunua mara nyingi huwa mkopo wa chama cha akiba. Gari likizima kabla ya deni kwisha, makato ya mkopo huendelea vilevile.

Sifa ya dizeli ya kuishi sana ina msingi. Injini yake haina plagi za kutoa cheche; hewa hushindiliwa ndani ya silinda hadi mara 20 hivi, ikapata joto la kuyawasha mafuta yenyewe. Ili kuuhimili msukumo huo, chuma chake hufanywa kizito, nayo huzunguka polepole kuliko injini ya petroli. Zile za 3L na 5L zilizofungwa katika Hilux na matatu za Hiace zilikuwa sahili: hazina tabo wala kompyuta, na fundi wa juakali wa Ruiru anaweza kuzifungua kwa spana za kawaida. Zikibadilishiwa oili kila kilomita 5,000, si ajabu zikafikisha 400,000 kabla ya kufunguliwa.

Wauzaji hupenda kutaja Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1976 ya dereva wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, iliyopelekwa katika makavazi ya kampuni hiyo mwaka 2004 ikiwa imekwenda kilomita milioni 4.6. Wasichotaja ni kwamba injini yake ilibadilishwa zaidi ya mara moja.

Tarakimu za dashibodi nazo zisiaminiwe upesi, kwani kuzirudisha nyuma ni kazi ya muda mfupi. Hesabu ya kawaida husaidia zaidi. Pikapu inayotoka Juja kwenda Nairobi na kurudi, yapata kilomita 70 kwa siku, kwa siku 300 hufikisha 21,000 kwa mwaka. Ikiwa imefanya kazi hiyo miaka 10 na dashibodi inasema 90,000, mpira wa pedali ulioliwa na usukani uliong'aa kwa mikono ndivyo vya kusikilizwa.

Kuna hatari nyingine katika udanganyifu huo. Katika Toyota nyingi za dizeli za kizazi hicho, taa ya dashibodi huwaka kila baada ya kilomita 100,000 kumkumbusha mwenye gari kubadilisha mkanda wa taimingi. Aliyepunguza tarakimu ameivuruga kumbukumbu hiyo pia. Mkanda ukikatika njiani, pistoni hugonga vali, na injini iliyokuwa nzima asubuhi huwa mzigo wa kuvutwa jioni. Asiyepewa ushahidi wa lini ulibadilishwa na auhesabie bei ya mkanda mpya katika gharama za ununuzi.

Gari likaguliwe alfajiri, injini ikiwa baridi. Mnunuzi aguse boneti kabla ya salamu kwisha. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi mweusi usiokoma huashiria nozeli au filta ya hewa. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe unaoendelea injini ikiwa moto huweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda. Kisha kifuniko cha oili kifunguliwe injini ikinguruma. Ikipumua kwa nguvu na kutema oili, ringi zimechoka, na hapo hakuna rangi mpya itakayoliokoa gari. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Ada yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara.

Mahali gari lilipofanya kazi pana uzito kuliko umri. Kilomita 200,000 za barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, haziwi sawa na nusu yake katika vumbi la machimbo, ambako filta iliyosahauliwa huifanya hewa kuwa msasa ndani ya silinda. Mafuta pia yamewaumiza wengi. Dizeli ndiyo inayoilainisha pampu, na ikichanganywa na mafuta ya taa huikausha. Ushuru wa Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa uliwekwa mwaka 2018 kukomesha uchanganyaji huo. Injini mpya zaidi, zenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, hazivumilii uchafu huo hata kidogo. Ukuukuu wake ni ghali zaidi.

Namba ya usajili huonyesha gari liliposajiliwa Kenya. Mwaka wa kuundwa umo katika kitabu cha gari, nao uthibitishwe kwa mamlaka ya NTSA kupitia eCitizen kabla ya kulipa. Hapo ndipo pia hubainika iwapo benki au mkopeshaji bado analishikilia. Aidha, namba iliyochongwa kwenye injini ilinganishwe na ya kitabuni. Magari mengi ya umri huu yamefungwa injini za mtumba kutoka Japani bila mabadiliko hayo kuandikishwa, na anayeulizwa siku ya ukaguzi ni mwenye gari wa sasa.