Mbweha Aliyeitwa Kicheche

Ndugu msikilizaji, mwaka 2007 niliketi mbele ya kompyuta yenye Linux ya Debian, nikaiamuru iniwekee Firefox, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Jina hilo ni kama kusema mbweha wa moto. Ikaniletea Iceweasel, kicheche wa barafu! Nikafuta, nikarudia. Kicheche yuleyule.

Kumbe palikuwa na ugomvi. Mwaka 2006 Mozilla, wenye Firefox, waliwaambia Debian: atumiaye jina letu atumie na nembo yetu, na marekebisho yake tuyakague kwanza. Debian wakakataa, kwani leseni ya nembo ile haikumpa mtu uhuru wa kuibadili. Wakabadili jina, programu ikabaki ileile.

Adha ikatuangukia sisi watumiaji. Kurasa nyingine zilinifungia mlango kwa kusoma jina tu. Dawa yake nikaipata kwenye mipangilio: nilimfanya kicheche ajitambulishe kuwa ni Firefox, na mlango ukafunguka.

Mwaka 2016 jina la zamani lilirudi Debian. Hata hivyo siwalaumu kwa msimamo wao. Chombo usichoruhusiwa kukirekebisha, ndugu yangu, hicho umeazimwa tu.

Tukutane wiki ijayo.