Amri ya eeprom na Betri Iliyokwisha



Mwaka 1989 kampuni ya Sun Microsystems ya California ilitoa kompyuta ya SPARCstation 1. Programu ya kuiamsha mashine hiyo, OpenBoot, ilikuwa kazi ya Mitch Bradley, na mwaka 1994 ikawa msingi wa kanuni ya IEEE 1275. Mipangilio yake ilitunzwa katika chipu yenye betri ndani yake. Mtumiaji wa Unix aliisoma na kuibadili kwa amri ya eeprom.

Amri hiyo iliwasumbua wengi kwa mambo mawili. Kwanza, jina la mpangilio wa auto-boot? lina alama ya kuuliza. C shell, programu inayopokea amri, huidhania ni ishara ya kutafuta mafaili, ikakataa. Dawa ni kulifunga jina hilo katika alama za kunukuu. Pili, betri ilipokwisha, mipangilio ilipotea kila umeme ulipozimwa, pamoja na anwani ya mashine katika mtandao. Hapo kurudia amri hakukufaa kitu. Ilibidi kubadili chipu.

Mimi mtumishi wa umma nasema hivi: kabla hatujaihukumu mashine ya wananchi kuwa imekufa, tuchunguze kwanza kama kosa liko katika maneno yetu au katika betri.